Mafuta Kwenye Nywele za Binti Yangu

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu. Herufi zinalala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na najua kuna maneno nimeyaandika vile yanavyosikika kwetu, siyo vile yalivyo kwenye vitabu. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu nimeishika mara chache. Naandika polepole, na mtu akija kusimama nyuma yangu mkono unasimama wenyewe. Lakini kuongea mbele ya watu ndiyo siwezi kabisa. Kwa hiyo nimechagua karatasi.

Nataka kusimulia habari ya kipimo cha nywele za binti yangu, na ya asubuhi ambayo ilinibidi nimwambie mama mkwe jambo ambalo mkwe hamwambii mama mkwe.

Wakati huo tulikuwa tunaishi upande wa Chunya, karibu na mwalo. Kwa wasioujua, mwalo ni mahali wanapooshea udongo wa dhahabu. Mawe yanasagwa mpaka yanakuwa unga, unga unaoshwa kwa maji, halafu inamiminwa zebaki. Zebaki ni maji mazito ya rangi ya fedha ambayo hayalowanishi mkono. Inakamata dhahabu, wanaikamua kwenye kitambaa, na kinachobaki wanakichoma motoni. Zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki. Mume wangu alikuwa anafanya kazi hiyo. Nyumba yetu, chumba kimoja na kajiko ka mabati, ilikuwa ng'ambo ya njia, na jioni moshi wa wachomaji ulikuwa unaingia kwetu bila hodi.

Binti yangu alikuwa anakaribia miaka mitatu na alikuwa hasemi. Alikuwa na "mama," na "maji," na "nyau" kwa ajili ya paka wa jirani. Basi. Akitaka kitu alinivuta sketi. Jirani yetu muuza chapati alikuwa anacheka naye kila asubuhi.

"Huyu anakusanya," alisema. "Siku akifungua mdomo mtamwomba anyamaze."

Lakini mwanamke mwingine pale bombani aliniambia, mtoto akiwa mgongoni kwangu, "Ndivyo walivyo watoto wa mwalo. Moshi unawafunga ulimi." Hakusema kwa ubaya. Aliinua ndoo yake akaondoka. Mimi nilibaki na lile neno mpaka nyumbani, na siku zilizofuata nikawa namwangalia mwanangu kila anaposhika kikombe, kama mkono unatetemeka.

Mume wangu naye alikuwa anaogopa, ila yeye hofu yake huwa inataka kufanya kitu. Akasikia kuna mtu Mbeya mjini anapima sumu kwa nywele. Tukaenda. Kilikuwa chumba juu ya duka la vifaa vya umeme, kina picha kubwa ya mwili wa binadamu ukutani. Yule mpimaji alikuwa kijana nadhifu, mwenye maneno laini. Alikata nywele za mwanangu kisogoni kwa mkasi, akazitia kwenye bahasha, akasema zinapelekwa nje ya nchi kwenye mashine. Hakuuliza mengi. Aliuliza jina, umri, uzito. Mimi nilikuwa nimemsuka mtoto vizuri siku hiyo na kumpaka mafuta mpaka nywele zinang'aa, kwa sababu tulikuwa tunakwenda mjini.

Majibu yalikuja kwenye simu ya mume wangu. Yalikuwa ya Kiingereza, hatukuweza kuyasoma, lakini michoro haihitaji Kiingereza. Kila aina ya madini ilikuwa na mstari wake. Mingi ilikuwa mifupi na ya kijani. Mmoja ulikuwa mwekundu, umepita kisanduku chake ukaenda mpaka pembeni mwa kioo cha simu, kama vile kioo ndicho kilichoishia na wenyewe ulikuwa bado unataka kwenda.

Mume wangu akapiga simu, akaweka sauti ya juu nisikie.

"Huo mwekundu ni nini, daktari?"

"Hiyo ni zebaki, kaka. Mwili wa mtoto umejaa. Ndiyo maana haongei."

"Sasa tunafanyaje?"

"Nina matone ya kuitoa. Ataharisha na kutapika siku za mwanzo, msiogope. Ile ndiyo sumu inatoka. Msimkatishe dozi hata akilia. Mkimkatisha, inarudi kichwani."

Mume wangu akayafuata matone. Yalikuja kwenye chupa ndogo ya kahawia, na harufu yake ilikuwa kali kama betri ya redio iliyovuja. Tukakubaliana kuanza mama mkwe akishafika kutusaidia, kwa sababu mtoto akianza kuharisha nitahitaji mtu wa kushika huku mimi nafua.

Mama mkwe alitoka Igowole alfajiri, akaunganisha basi Mafinga, akafika kwetu jioni na kapu la viazi na maharage. Nilipiga magoti kumsalimu kama ninavyompigia siku zote.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama."

Akamchukua mjukuu wake, akamgeuza huku na huku, akamnusa kichwani. Ndivyo anavyofanya. Halafu akasema, "Amepungua huyu." Kweli alikuwa amepungua. Alikuwa ametoka kuumwa tumbo wiki iliyopita na shingo yake ilikuwa imekuwa nyembamba.

Usiku huo nilitaka kusema kwamba mtoto aliyetoka kuumwa tumbo hawezi kuharishwa tena kwa makusudi. Sentensi nilikuwa nayo. Niliipanga kichwani tangu naosha viazi mpaka napakua. Nikawawekea chakula, nikarudi jikoni. Wao wawili wakapanga: kesho asubuhi, kabla hajala.

Asubuhi mume wangu akaenda mwaloni kuomba ruhusa, akasema anarudi sasa hivi. Mama mkwe akanikabidhi mtoto.

"Msuke kwanza," alisema. "Akishaanza kutapika atalala tu, hatapata mtu wa kumgusa kichwa. Si mafuta yangu bado yapo?"

Yalikuwepo, ila yalikuwa mwishoni. Hapa lazima nieleze hayo mafuta. Mama mkwe anakamua mafuta ya mbegu za nyonyo mwenyewe. Anakaanga mbegu, anatwanga, anachemsha, anaengua mafuta juu. Ni meusi kidogo na mazito, na kule kwao kila mwanamke anayeyajua hataki mafuta ya dukani. Tangu binti yangu azaliwe, kila mtu wa Igowole aliyekuja upande wetu alikuja na kichupa cha mafuta hayo kutoka kwa bibi. Na vichupa vyenyewe vilitoka kwetu. Alipokuja kunihudumia uzazi alikuwa amelalamika kwamba chupa za soda zinavujia watu mizigo kwenye basi. Akaviona pale mwaloni vichupa vidogo vya plastiki nene, vyenye mfuniko wa kusokota unaobana kweli, vimetupwa. Akaviokota, akaviosha kwa sabuni na maji ya moto, akarudi navyo nyumbani mfuko mzima. Aliyekuwa anavitupa alikuwa anacheka: "Bibi, unakwenda kufungua duka?" Wanawake wengi pale walikuwa wanaviokota. Tuliwekea chumvi, tuliwekea mafuta ya taa, tuliwekea dawa ya kuku. Vilikuwa vichupa vya zebaki.

Nilikaa kwenye kigoda mlangoni, mtoto katikati ya magoti yangu. Nikachana njia ya kwanza katikati ya kichwa. Mafuta yalikuwa yamegandia chini kwa baridi, nikakipasha kichupa kwenye kiganja, nikakipindua, nikakigonga kwenye goti.

Yakaja mafuta. Halafu kikaja kitu kingine. Kilidondoka kwenye ile njia ya nywele, kikakaa juu ya ngozi ya kichwa cha mwanangu, kidogo kuliko punje ya ulezi, cha duara, kinang'aa. Mtoto alipotikisa kichwa kikabingirika, kikaingia kwenye nywele, kikapotea.

 Nilifikiri nimeona jua. Nikachukua sahani nyeupe ya bati, nikamimina mafuta yote yaliyobaki. Yakatandaa meusi, na chini yake vikaonekana vijipunje vya fedha, vichache. Nilipoinamisha sahani vilikimbiliana vikawa kimoja.

Mume wangu alikuwa hajarudi. Ndani mama mkwe alikuwa anakoroga matone kwenye kijiko cha maji. Nilisikia kijiko kinagonga kikombe.

Sasa mnielewe. Kwetu mkwe hasemi "umekosea." Ukiona chumvi imezidi kwenye mboga ya mama mkwe, unakunywa maji mengi. Na hii haikuwa chumvi. Hii ilikuwa ni kumwambia mwanamke aliyekaanga mbegu kwa mikono yake, akaokota vichupa, akatuma mafuta miaka yote hiyo, kwamba kilicho kwenye kichwa cha mjukuu wake kimetoka kwake. Ningeweza kukinywea maji, kama chumvi. Lakini kijiko kilikuwa kimeshaacha kugonga kikombe na nilisikia hatua zake.

Akatoka na kikombe mkononi. "Mshike mikono," alisema.

Nilipiga magoti. Nikashika sahani kwa mikono miwili, nikaiinua mbele yake, kama mtu anayempelekea mkubwa chakula.  Alitazama, akainama, akatazama tena.

"Hiki ni nini?"

"Zebaki, mama."

"Imetoka wapi?"

Nilitazama vidole vya miguu yake. Vilikuwa na vumbi jekundu la safari ya jana. "Ndani ya mafuta," nikasema. "Ni kile kichupa, mama. Cha mwaloni."

 Kuku alipita katikati yetu. Mtoto alikuwa anajaribu kushika kijipunje kwenye sahani, nikauondoa mkono wake.

"Kwa hiyo mimi ndiye mchawi," akasema mama mkwe.

"Hapana, mama."

"Sema tu. Mwanangu amekwenda kutafuta sumu kwenye mashine za Ulaya, kumbe mchawi anakuja kwa basi na viazi."

"Hapana, mama. Nasema, zile nywele walizopima zilikuwa zimepakwa haya." Niliishika sahani palepale, nikaendelea. "Pengine mstari mwekundu ni wa mafuta. Siyo wa tumbo lake. Nakuomba usimpe hiyo dawa. Nakuomba tuulize kwanza."

Sijawahi kumwambia mtu mzima maneno mengi namna hiyo kwa pamoja. Aligeuka akaingia ndani. Nilisikia anafungua begi lake, nikajua anaondoka, na kwamba mume wangu atanikuta nimemfukuza mama yake. Akatoka amejifunga kitenge kizuri. Alichukua kile kichupa, akakifunga kwa nguvu, akakitia kwenye mfuko wa nailoni, na chupa ya matone akaitia humohumo.

"Vaa," akaniambia. "Mbebe mtoto. Twende kwa wanaojua."

Tukakutana na mume wangu njiani. Mama yake alimwambia, "Wewe geuka, lete simu yenye huo mstari," na akageuka.

Kwenye hospitali kubwa ya serikali tulikaa benchi mpaka mchana.  Mtoto alilala mapajani kwake, si kwangu. Kila alipotaka kumpapasa kichwa, mkono wake ulifika nusu ukarudi.

Daktari alikuwa dada mdogo kwa umri, amechoka. Alisoma kwenye simu, kisha akaiweka pembeni na kuanza maswali ambayo yule mpimaji hakuuliza. Mnachomea wapi dhahabu? Mtoto analala wapi? Anakula samaki? Nywele zilikatwa karibu na ngozi au nchani? Mnampaka nini?

 Hilo la mwisho alilijibu mama mkwe, akafungua mfuko. "Hiki," alisema. "Mafuta ni yangu. Nilikamua mimi."

Daktari hakushtuka. Alikiangalia kichupa kwenye mwanga bila kukifungua. Akamwuliza mama mkwe, "Bibi, kwenu kuna mashine ya kusaga?"

"Ipo."

"Yule kijana wa mashine, jioni shati lake linakuwaje?"

"Jeupe tupu. Unga."

"Nikilipima shati lile nitapata unga mwingi sana. Nitakuwa nimejua amekula ugali kiasi gani?"

Mama mkwe akatafakari. "Hapana. Pengine amelala njaa."

"Basi nywele zina ugumu huohuo. Zinachukua kilicho mwilini, na zinashika kilichotoka nje, moshi, mafuta. Mashine ya huko haiwezi kuvitenganisha. Huu mstari hausemi zebaki iko wapi."

Mume wangu akavuta pumzi kama mtu aliyetua gunia. Daktari akamwona.

"Usifurahi bado, baba. Yale mafuta yamekaa kichwani, na zebaki inatoa mvuke, na moshi wa mwalo anauvuta kila siku. Inawezekana imeingia kweli. Kwa aina hii ya zebaki tunaangalia mkojo. Sampuli inapelekwa mbali, mtasubiri."

Alimgonga mtoto magoti kwa kinyundo, akaangalia fizi na viganja, akamtembeza ukumbini. Matone akayanusa, akayaweka juu ya kabati lake. "Haya hayarudi nyumbani. Angeharisha mpaka aishiwe maji mwilini, na zebaki, kama ipo, ingebaki palepale. Na mnyoeni leo."

Mama mkwe alimnyoa mwenyewe, tulipofika, kwa wembe mpya, ametandika mfuko wa nailoni ili usidondoke hata unywele. Hakuniomba nishike. Kichwa cha mwanangu kilitoka kidogo na cha mviringo, kama siku alipozaliwa. Nilikuwa ndani nakunja nguo zake. Daktari alikuwa amesema tusilale tena karibu na moshi, na mume wangu aliamua mimi na mtoto twende Igowole na mama yake tusubirie huko, yeye abaki kazini.

Habari za kule kusubiri sitaki hata kuziandika. Igowole kuna ukungu asubuhi, na mimi nilikuwa naamka kabla ya wote kuangalia kama mtoto anapumua, kama anatembea sawa. Simu ikilia nilitoka nje nisisikie. Mama mkwe alikuwa ananipa kazi kama kawaida na kunijibu kama kawaida, lakini mafuta hakukamua tena. Kinu chake kilikaa kimepinduliwa nje.

Siku moja alitoka na kapu tupu asubuhi, akarudi jioni. Kapu lilikuwa na vichupa. Vile vichupa alivyookota Chunya alikuwa amewagawia watu vikiwa na mafuta: jirani, dada yake, wanakwaya wenzake, binti wa mtu fulani aliyejifungua. Alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba.

"Uliwaambiaje, mama?" Nilithubutu.

"Niliwaambia nimewapa sumu, wanirudishie."

"Wakasemaje?"

"Mmoja alisema, 'Wewe bibi, zawadi yako unaidai?' Mwingine amenifungia mlango." Akaketi, akavua viatu. "Vingine havijapatikana. Kuna aliyempa mtu wa Ruaha Mbuyuni aliyekuja kuuza vitunguu. Kuna kilichokwenda Idodi, msibani."

Akaviweka vyote ndani ya ndoo yenye mfuniko. Nikamletea maji ya kunawa. Alinawa kwa sabuni mara nyingi, na mimi nikawa namimina.

Majibu yalipokuja daktari alimwambia mume wangu kwa simu, na mume wangu akaja mwenyewe Igowole kutuambia, kwa sababu alijua nitakimbia simu. Zebaki ipo kwenye mkojo. Ipo kwa kiasi cha kumtoa mtoto kwenye moshi, siyo kiasi cha kumpa dawa ya kuitoa. Mwili utaitoa wenyewe, taratibu, kama haiongezwi. Apimwe tena. Na kuhusu kutosema, daktari hawezi kuapa kwamba ni zebaki au siyo. Amesema tumpeleke apimwe masikio, na bado tunangoja siku yetu.

Kwa hiyo sina mwisho mzuri wa kuwapa. Nywele zimeota tena, nazisuka kavu. Neno moja limeongezeka. Juzi mama mkwe alinunua mafuta ya dukani, akafungua kopo, akamwita mjukuu wake. Mtoto aliangalia kopo, akaangalia mkono wa bibi, akashika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Sitaki," akasema.

Bibi yake alicheka mpaka akajifuta macho na kitenge. Kisha akafunga kopo, akalirudisha juu ya kabati, na mpaka leo liko hapohapo.

Nimeandika haya kwa sababu ya vile vichupa ambavyo havijarudi. Ni vidogo, vya plastiki nene nyeupe, mfuniko wake ni mwekundu na unabana sana, na vingine bado vina mafuta meusi ya nyonyo ya mwanamke wa Igowole. Kama unacho, usikitikise na usikimimine. Kifunge, kiweke mbali na watoto, ukakioneshe zahanati. Na kama unaishi karibu na mwalo, niandikie uniambie ninyi huwa mnaviwekea nini, na kama mtoto wako naye alipewa karatasi yenye mstari mwekundu, niandikie aliyempima alikuuliza nini, au kama hakukuuliza kitu. Mpe barua huyohuyo aliyekuletea karatasi hizi, itanifikia. Usiogope mwandiko. Nasoma polepole, lakini nasoma mpaka mwisho, na nitakujibu.